Mkoko mmoja, masomo matatu: Gredi ya 7 hadi 9 wafundishwe kwa mada au kwa somo?

Mtoa hoja, mpangaji wa masomo, Kwale

Naweka pendekezo hili lipigwe msasa. Shule za sekondari msingi za pwani ya Kenya zichukue mada moja, mikoko, ziifundishe kwa majuma matatu ndani ya Sayansi Jumuishi, Masomo ya Jamii na Kilimo, walimu wakiwa wamepanga pamoja. Kwa sasa mwanafunzi anasoma osmosisi Jumatatu kwa mchoro, biashara ya Bahari ya Hindi Jumatano kwa ramani, na msitu ulio nyuma ya shule hautajwi popote. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hutoa chumvi kupitia majani. Pangusa jani lake wakati wa jua kali, chembe utaziona, ukilamba utazisikia. Mti unaoitwa mkoko hasa nao huizuia chumvi nyingi mizizini isipande. Maji ni yale yale, miti miwili imepata njia mbili. Na boriti za misitu hiyo ndizo zilizojaza majahazi ya kwenda Ghuba. Tunazitenganisha habari hizi kwa faida ya nani?

Mwalimu wa kemia, Kilifi

Mwalimu, mada sina ugomvi nayo. Nauliza ataifundisha nani. Sayansi Jumuishi tayari inambebesha mtu mmoja biolojia, kemia na fizikia. Ukimwongezea na majahazi, kitakachoanguka kwanza ni vipimo.

Chukua yai. Madarasani huambiwa kwamba yai huelea baharini kwa sababu ya chumvi. Yai bichi la leo halielei baharini. Lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi na uzito wa kilo 1.025 tu, ilhali yai bichi, kwa ujazo huo huo, huwa karibu kilo 1.08. Ili lielee unahitaji gramu 120 hivi za chumvi kwa lita, zaidi ya mara tatu ya bahari. Likielea kwenye maji ya bahari, basi ni la siku nyingi na limeingia hewa, na huenda likaelea hata kwenye maji ya mfereji. Mwanafunzi anaondoka na jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Au lile jaribio la kukausha maji ya bahari. Wengi huchemsha mililita 100 kisha wakapima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu 5 kwa 5. Jibu ni gramu 3.5, mizani itasema 5 au sifuri. Anza na mililita 500, utarajie gramu 17 au 18. Pima chombo kikiwa kitupu na kikavu. Maji yakikaribia kwisha punguza moto, la sivyo chumvi itaruka nje na utapata pungufu. Kisha pima, rudisha motoni dakika 10, pima tena, mpaka vipimo viwili vifanane. Ukipima mara moja tu utapata zaidi, kwa sababu chumvi ya magnesi iliyo humo hushika maji na hata kuyavuta hewani. Haya yote hayaingii kwenye kipindi kimoja cha dakika 40, na mwalimu asiyeijua kemia hataona hata kwamba kuna kilichoharibika.

Mwalimu wa historia, Lamu

Mimi naogopa kinyume chake: kwamba historia itageuzwa pambo la mlangoni, "hapo kale waliuza boriti", halafu tukimbilie chupa na moto.

Historia nayo ina vipimo. Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana usiozidi mita 3 hivi, kwa kuwa dari limelala juu ya boriti na boriti haiendi mbali zaidi ya hapo bila kupinda. Mpe mwanafunzi futi kamba apime vyumba vinne, ataufikia mti kutoka kwenye nyumba. Miti iliuzwa kwa korja, yaani 20, na kupangwa kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na miti.

Kisha liulizwe swali gumu: biashara hiyo ilikufa kwa nini? Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje mwaka 1982. Lakini Ghuba yenyewe ilikuwa imeshaanza kujenga kwa saruji na nondo. Sababu mbili, ipi ilitangulia, ipi ilikuwa na nguvu? Ukilipa swali hilo dakika kumi mwishoni mwa kipindi cha sayansi, umeliua.

Mwalimu wa biolojia na kilimo, Mombasa

Nyote mmesahau maji. Msituni huingii kwa ratiba ya kengele. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja kila baada ya wiki mbili hivi, na kwetu maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hayafai, tope la mbele halifunuki. Unahitaji vipindi viwili vilivyounganishwa, na mwalimu wa somo jingine akupishe. Bila kupanga pamoja hupati, kwa hiyo hapa namuunga mkono mtoa hoja.

Ila chati ya ukutani ya mpangilio wa miti ya mikoko itupwe. Inaonyesha mlilana upande wa bahari, kisha mkoko, muia na mkandaa, na mchu nyuma kabisa. Msituni mchu utaukuta nyuma na mbele pia. Na shule zinazopanda miti huchomeka mkoko kila mahali kwa sababu mche wake ni rahisi kuokota. Ukiuchomeka pale pa mlilana, mawimbi huung'oa na viumbe wa gamba huuganda shina zima.

Mtoa hoja

Yai nimelikubali, linatoka. La KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa sekondari msingi, hakuna aliyeligusa: Gredi ya 9 kila somo lina karatasi yake, hivyo alama za mradi zigawanywe kwa masomo tangu mwanzo.

Mwalimu wa kemia, Kilifi

Basi juma la kwanza liwe la kupima tu, bila mada, kwa mizani ya gramu 0.1. Moja kwa shule inatosha.

Mwalimu wa historia, Lamu

Na vyumba vipimwe juma hilo hilo. Futi kamba haihitaji maabara.