Hatutaki semina ya mkopo, tunataka barafu!

Jamani, nina hasira, mnivumilie.

Juzi benki moja ilituita wavuvi wa huku kisiwa cha Pate, Lamu, kwenye semina ya mikopo. Tukapewa soda na kofia. Watu wametoka kuswali adhuhuri, wanakalishwa kusomeshwa riba! Mzee mmoja akauliza: "Mwanangu, samaki wangu akioza, na riba itaoza?" Kijana wa tai akacheka, akaendelea na picha zake ukutani.

Mvuvi wa hapa hajakosa mkopo hata siku moja. Tajiri anayenunua samaki ndiye anayempa nyavu, mashine ya boti na mafuta, kisha samaki wote sharti wauzwe kwake kwa bei aitakayo yeye. Ukikataa, utampeleka wapi huyo changu na tewa? Barafu ni ya tajiri. Jua likishapanda unauza tu, hata kwa hasara. Sasa benki inataka tuongeze mdai wa pili juu ya huyo wa kwanza, ndiyo wanaita maendeleo.

Tukiomba mtambo wa barafu tunaambiwa serikali haina pesa. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwenye masoko ya nje. Siku ya kuzilipa ilipokaribia, Februari 2024 ikakopa bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya asilimia 9.75, ili ipunguze lile deni la kwanza. Mwaka 2023 kodi ya mafuta, VAT, ilikuwa imeshapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta hayo ndiyo tunayotilia mashine. Basi deni la Nairobi kwa watu wa London tunalilipa sisi kabla hata ya kung'oa nanga.

Na bandari mpya ya Lamu je? Wavuvi wa Lamu walifungua kesi 2012, wakasubiri hadi 2018 ndipo Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari iliyoharibiwa. Aliyeandika mpango wa bandari ile hakumwona mvuvi, aliona meli.

Tunachotaka ni kidogo: mtambo wa barafu wa ushirika, kila mwanachama kura moja awe na jahazi au awe na mshipi, na mfuko wa kukopeshana bila riba. Mama zetu wanacheza mchezo wa pesa, wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, miaka yote na hawajamnyang'anya mtu friji. Lakini watu wadogo wakijipanga wanatiliwa shaka. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianzisha vocha zao za kubadilishana bidhaa, Bangla-Pesa. Baadhi yao wakakamatwa! Kesi ilikuja kufutwa, lakini selo walishaionja.

Sasa nauliza: kuna kikundi cha wavuvi, Malindi, Kipini au hata Unguja, kinachomiliki mtambo wake wenyewe wa barafu? Uligharimu kiasi gani, umeme mnalipaje, na ufunguo anashika nani? Atakayekuja kuniandikia "tafuteni mwekezaji" apite tu.