Waranti ya miaka 25 ya sakafu ya mbao imeyeyuka kwa neno moja: "unyevu"

Wakuu, nimevumilia miezi minne nikidhani hili suala litaisha kwa simu na barua pepe. Leo asubuhi nimejibiwa mistari miwili ya dharau, basi nalimwaga hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Jina la kampuni silitaji kwa sababu bado tunavutana, msihangaike kuja inboksi kuniuliza.

Kwa asiyejua: nazungumzia sakafu ya mbao za tabaka. Sio ubao mzima uliopasuliwa kwenye gogo. Juu kuna ngozi ya mbao halisi, yangu ni mwaloni, na chini yake kuna plaiwudi ambayo tabaka zake zimepishanishwa, moja nyuzi zinaenda huku, inayofuata zinaenda kule. Huko kupishanisha ndiko kunakouzuia ubao usivimbe na kunywea ovyo hewa inapobadilika. Kinachoshika vyote ni gundi. Kwa hiyo ukinunua sakafu hii umenunua gundi kwanza, mbao baadaye. Gundi ikiwa mbovu huna sakafu, una maganda yaliyolazwa chini.

Nami sikukurupuka. Nilisoma mpaka mke wangu akaniuliza kama nabadilisha kazi. Mafundi wana hesabu yao kwamba zege ya chini ya mbao, hewa ikiwa nzuri, hukauka kama milimita 1 kwa siku kwa zile milimita 50 za kwanza, na zinazobaki huenda taratibu zaidi. Yangu ina milimita 65. Tuliiacha miezi mitano. Ikapimwa unyevu, ikasoma asilimia 1.7, wakati maelekezo ya kiwanda yanataka isizidi 2. Nailoni ya kuzuia unyevu ikatandikwa, kipande juu ya kipande kwa sentimita 20, ikapigwa tepu. Maboksi yakakaa ndani ya nyumba saa 72 bila kufunguliwa ili mbao zizoee hewa. Pembeni ya ukuta fundi aliacha nafasi ya milimita 12, ikafunikwa na skatingi. Kila hatua nina picha yenye tarehe, maana nilishaambiwa hawa watu wana tabia gani.

Mwezi wa tatu nikaanza kusikia mlio karibu na dirisha la sebuleni. Tak. Ukikanyaga, tak. Nikasema labda ni sponji ya chini. Siku moja natembea peku, kitu kikanichoma kidoleni. Nikapiga magoti, nikachukua kadi ya benki na kuipitisha kwenye ukingo wa ubao. Ikazama mpaka ikafika katikati ya jina langu! Ngozi ya mwaloni ilikuwa imeachia plaiwudi, imebaki imekaa tu kwa heshima. Nikaiinua kidogo nikamulika tochi. Gundi ilikuwa inang'aa kama plastiki, haina hata unyuzi mmoja wa mbao juu yake. Muulize fundi seremala yeyote mwenye miaka yake kazini: gundi iliyoshika vizuri, ukiivunja kwa nguvu, inaondoka na nyama ya mbao. Ikitoka safi hivyo, jua haijawahi kushika.

Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimehesabu mbao 19. Nimezibandika tepu ya bluu, sebule inafanana na eneo la ajali.

Sasa njooni kwenye huduma yao. Kabla sijalipa, yule muuzaji alikuwa ananiita bosi na kunijibu saa tano usiku. Baada ya kulipa nikawa tiketi. Tuma picha. Nikatuma. Tuma video. Nikatuma. Tuma picha yenye rula. Nikatuma yenye rula. Tuma picha ya boksi inayoonyesha namba ya toleo. Nani anatunza maboksi? Mimi nilitunza, na nadhani hapo ndipo walipoanza kunichukia.

Mkaguzi akaja baada ya wiki sita. Mkaguzi mwenyewe ni mwajiriwa wa huyo huyo aliyeniuzia. Hakufika robo saa. Kwenye zile mbao 19 aligusa moja. Akachomeka vipini vya kipimo chake kwenye ubao wa sebuleni, kikasoma unyevu wa asilimia 11, akatikisa kichwa kama daktari. Nikamwomba apime na chumbani. Akapima, kikasoma 9. Ripoti ilipokuja, ile 11 ipo, 9 haipo. Hitimisho: "unyevu uliozidi ndani ya nyumba, nje ya waranti."

Hapa nawaomba mnifuatilie kwa makini, kwa sababu ndio moyo wa ugomvi. Waranti yao wenyewe inasema hewa ya ndani iwe na unyevu kati ya asilimia 35 na 65. Mimi nina kipimo ukutani tangu siku ya kwanza, hakijawahi kupita 60. Mbao siku zote hufuata hewa iliyoizunguka. Kwa joto la kawaida la ndani, ubao uliokaa kwenye hewa ya asilimia 60 unatulia karibu na 11. Hewa ikiwa 50, unatulia karibu na 9. Yaani hiyo 11 waliyoiandika kwa wino mzito kama vile wamekuta bwawa sebuleni kwangu, iko ndani ya masharti yao! Wamenihukumu kwa namba inayonitetea. Nikawaandikia hesabu hiyo kwa upole kabisa, na kuwauliza ile 9 imekwenda wapi. Mpaka leo hakuna aliyeigusa.

Nisiwe mnafiki, sio kila sakafu inayoinuka ni kosa la kiwanda. Kwa dada yangu fundi alizibana mbao mpaka zikagusa fremu ya mlango, hakuacha hata upenyo. Hewa ilipojaa unyevu sakafu ikanyanyuka katikati kama mgongo wa ngamia. Wakatoa skatingi, wakakata pembeni, ikalala yenyewe kwa siku chache. Fundi alikosea na alikubali. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa anasafisha kwa ile mopu ya mvuke, huyo alijichomea nyumba mwenyewe. Lakini angalieni tofauti. Kwa dada ubao ulisukumana na kunyanyuka ukiwa mzima, tabaka zote pamoja. Unyevu ukitoka chini, ubao kwa kawaida hujikunja, kingo zinapanda na katikati panabaki chini. Zangu zimelala sawa kama meza, rula inakaa bila mwanga kupita. Ni ngozi tu inayobanduka.

Halafu kuna boksi.

Fundi alibakiza boksi moja ambalo halikufunguliwa. Lilikuwa limelala chini ya kabati la nguo chumbani, plastiki yake haijachanwa. Baada ya ile ripoti nikamwita jirani awe shahidi, simu ikirekodi, nikalifungua. Mbao sita. Mbili zimeachia ngozi kwenye kona, toleo lile lile na zile za sebuleni. Hizi hazijawahi kukanyagwa wala kukutana na zege yangu, na fundi hajazishika. Nikatuma video nikisema moyoni leo wamepatikana.

Jibu: "Inaonekana bidhaa haikuhifadhiwa kwa kufuata maelekezo."

Chini ya kabati la nguo, jamani. Mashati yangu yako salama.

Nikiwa na hasira nikachukua kalipa, nikapima na unene wa ngozi kwenye kipande kilichokatwa. Kipeperushi kinasema milimita 3. Nilipata 2.1, nikarudia sehemu tatu, ile ile. Wakanieleza kwamba 3 ni kabla ya kusagwa kiwandani. Mnauza sakafu au historia yake? Na sio jambo dogo, maana kupiga msasa mara moja hula nusu milimita mpaka milimita nzima, kwa hiyo kuna mara moja nzima ya kuifanya upya ambayo nimeilipia na haipo. Kwa viwango vya Ulaya, ngozi ikiwa chini ya milimita 2.5 hairuhusiwi hata kuitwa paketi ("parquet", yaani sakafu ya mbao halisi), na kipeperushi chao kimeandika paketi kila ukurasa.

Waranti yenyewe nimeisoma kwa kalamu nyekundu. Miaka 25 ni ya ngozi kuchakaa mpaka plaiwudi ionekane, basi. Unyevu haumo, jua halimo, ulazaji haumo, viatu havimo. Kuna kifungu kinasema ubao ukishalazwa umekubaliwa. Sawa, naelewa kwa kasoro za kuonekana, kama fundo bovu au rangi tofauti, hizo unatakiwa uziweke pembeni kabla ya kulaza. Gundi iliyo ndani ningeionaje, kwa eksirei?

Wiki iliyopita wakaja na "suluhisho la nia njema". Maboksi mawili ya mbao mpya, gharama za fundi juu yangu, na nisaini karatasi kwamba sitadai tena chochote hata zikiachia nyingine. Zangu ni za kubana ulimi wa ubao mmoja kwenye mfereji wa mwenzake, hazikupigwa gundi chini, kwa hiyo kuufikia ubao wa katikati lazima ung'oe kuanzia ukutani safu kwa safu, na kila ukizitenganisha zile ndimi zinachoka. Mwaloni nao umeshabadilika rangi kwa mwanga, hizo mpya zitakaa kama viraka kwenye suruali. Na wanataka niwapelekee lile boksi "kwa uchunguzi." Boksi lote, bila mimi kubaki na hata ubao mmoja.

Nikakataa. Nikasema nitawapa ubao mmoja, waje wauchukue hapa na kusaini kwamba wameupokea. Ndipo leo nikajibiwa mistari miwili: kwa kuwa sijatoa ushirikiano, faili limefungwa.

Ninachoomba kwenu. Aliyewahi kumwita mkaguzi huru wa sakafu, je, ripoti yake ilikubaliwa na muuzaji, au walimleta wao mwingine wa kumpinga? Gharama ulilipa wewe na ukarudishiwa? Na kuna aliyefanikiwa kumruka muuzaji na kwenda moja kwa moja kiwandani? Mimi barua pepe za kiwanda zinarudishwa kwa muuzaji yule yule.

Mwenye mwaloni wa milimita 14 aliolaza mwaka huu, pitisha kadi kwenye kingo za mbao zilizo karibu na dirisha, halafu njoo inboksi tulinganishe namba za toleo.

Na nyie wauzaji mtakaoshuka hapa chini kunifundisha habari za unyevu, ile 11 nimeieleza hapo juu. Anzeni na hiyo.