Vibarua wa Poland walijengaje parokia yao Chicago? Nauliza kwa ajili ya kigango chetu huku Tanga

Katibu_wa_Kigango

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tanga, nje kidogo ya mji ukifuata barabara ya Muheza, ni katibu wa kigango. Mwakani kanisa letu linatimiza miaka 50 na halmashauri ya walei imenitwika kazi ya kuandika historia yake, nikakubali haraka nikidhani ni kazi ya wiki mbili. Kumbe makaratasi yote niliyokabidhiwa ni ya mapadri, padri fulani alifika mwaka huu akahamishwa mwaka ule, imeisha hapo. Waliochimba msingi hayumo hata mmoja. Na mimi nawajua waliochimba, walikuwa manamba, babu yangu mzaa baba akiwemo, alitoka Songea kijana mdogo kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao, tumemzika hapahapa.

Sasa kaka yangu yuko Chicago, juzi kanipigia simu ya video akiwa nje ya kanisa analosali, Mtakatifu Stanislaus Kostka, akasema mdogo wangu tazama jumba hili, limejengwa na vibarua kutoka Poland, watu wa viwandani kama babu tu. Lina minara miwili na ndani ni kubwa mpaka nikamwambia rudisha kamera nyuma nione tena. Toka siku hiyo sina raha nataka kujua, walianzaje? Hela walitoa wapi watu wa mshahara mdogo vile? Na kwa nini wajenge la kwao wakati Wakatoliki wengine walikuwepo pale tayari, misa si ilikuwa Kilatini kwa wote? Anayejua naomba anieleze taratibu, nina daftari mkononi.

Mwalimu_Mstaafu_Korogwe

Marahaba katibu. Nimefundisha historia miaka mingi na swali lako limenifanya nivae miwani usiku huu.

Anza na jambo moja ambalo ukiliruka huwezi kuelewa mengine. Wakati wale watu wanahama, Poland haikuwepo kwenye ramani. Kuanzia 1795 mpaka 1918 nchi yao ilikuwa imegawanywa na majirani watatu, Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani) na Austria, kwahiyo mtu alikuwa anatoka kwao akiwa na lugha na rozari lakini hana bendera. Upande wa Prussia miaka ya 1870 serikali ya waziri mkuu wao Bismarck ililibana Kanisa na ikakibana Kipolandi mashuleni, yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana kwa Mpolandi wa kawaida lugha na imani vilishikana kama ukucha na kidole.

Sasa la misa ya Kilatini. Ni kweli misa ilikuwa Kilatini, lakini mahubiri hayakuwa Kilatini, nyimbo za kwao za Noeli hazikuwa Kilatini, mafundisho ya watoto hayakuwa Kilatini na kitubio ndiyo kabisa. Wewe fikiria, unaingia kuungama kwa padri wa Kiairishi au wa Kijerumani, Kiingereza chako ni cha kuulizia bei ya mkate, dhambi zako utazisemaje? Bibi aliyetoka kijijini alikuwa anaogopa kufa bila padri wa kumwelewa.

Wa kwanza kuwa na parokia yao Marekani hawakuwa wa Chicago, walikuwa Texas. Padri Leopold Moczygemba, Mfransisko, aliwaita watu wa kwao Silesia, wakafika wakasali misa ya mkesha wa Noeli 1854 chini ya mwaloni, mahali wakapaita Panna Maria, yani Bikira Maria. Kanisa lilikuja baadae, kwanza ulikuwepo mti.

Chicago nako usikilize vizuri hapa maana inakuhusu. Parokia ya Mt. Stanislaus Kostka ilianzishwa 1867, lakini CHAMA cha Mt. Stanislaus Kostka kilikuwepo toka 1864. Chama kwanza, parokia baadae, padri wa kukaa baadae zaidi. Walei walikaa wakachanga, wakasaidiana mtu akiugua, wakazikana, na mmoja wa waanzilishi, Peter Kiołbassa, mwenyewe alikuwa ametokea kule kule Panna Maria. Kwahiyo ukiandika historia kwa kufuata orodha ya mapadri hata kule Chicago utakuwa umeanzia katikati ya hadithi.

Hilo jumba uliloonyeshwa jiwe la msingi liliwekwa 1877 na likabarikiwa 1881, enzi za paroko Vincent Barzyński wa Shirika la Ufufuko, aliyekaa pale toka 1874 mpaka kufa kwake 1899. Mwishoni mwa miaka yake parokia ilikuwa na watu kama 40,000. Parokia moja! Jumapili misa 12, kwa sababu kuna kanisa la juu na la chini, watu wanasali ghorofa mbili kwa wakati mmoja.

Katibu_wa_Kigango

Mwalimu asante sana. Hiyo ya chama kabla ya padri imenishtua kwa sababu na sisi ilikuwa hivyo hivyo. Babu alikuwa akisimulia kwamba kabla ya kanisa walikuwa wanasali chini ya mwembe kambini, katekista anaongoza, na walikuwa na chama cha kuzikana maana manamba akifa ndugu zake wako mwezi mzima mbali. Hakuna aliyekiandika popote.

Fundi_Makorora

Mi ni fundi mwashi nimejenga makanisa mawili na misikiti mitatu huku Tanga, kwahiyo nyie semeni ya kiroho mi nasema ya mawe. Kama unataka kuona watu wa hali ya chini walivyojenga tafuta Mt. Josaphat ya Milwaukee, mji wa jirani na Chicago, nayo ni ya Wapolandi.

Paroko wao Wilhelm Grutza alikuwa anatafuta namna ya kujenga kanisa kubwa kwa bei ya watu maskini, akasikia Chicago wanabomoa jengo la serikali, la posta na forodha. Akalinunua zima kwa dola 20,000. Yani alinunua jengo lililobomolewa! Mawe, nguzo, milango, mpaka vitasa, vikapakiwa kwenye mabehewa 500 vikasafirishwa kwa reli mpaka Milwaukee, halafu msanifu Erhard Brielmaier ikabidi achore upya ili ramani ifuate mawe yaliyopo. Hiyo kazi mtu asiyejenga hawezi kuelewa ugumu wake, jiwe limechongwa kwa dirisha la ofisi wewe unataka likae kwenye kuba. Na vibarua wengi walikuwa waumini wenyewe. Walianza 1896 wakamaliza 1901, na padri Grutza akafa mwaka huohuo wiki chache tu baada ya kubarikiwa.

Lakini deni likabaki. Kubwa mno, likawaelemea, mpaka 1910 parokia ikakabidhiwa Wafransisko na deni likaja kuisha 1925. Hapo ndipo hela zilipotoka katibu, hazikutoka kwa tajiri, zilitoka kwenye bahasha ya mshahara kidogo kidogo miaka 20 na zaidi, mtoto akabatizwa baba analipa deni, mtoto akaoa baba bado analipa. Nilivyosoma hivyo nikawakumbuka wamama wa kanisa moja nililojenga, walikuwa wanabeba mchanga ndoo kichwani asubuhi kabla hawajaenda shamba, na kila tripu ya saruji ikichelewa wao ndio wanaokuja kuniomba radhi mimi.

Abuu_wa_Chuda

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Mimi si Mkristo ila nimeusoma uzi huu toka juu na nina swali la mtu wa wakfu. Kwetu msikiti ukijengwa tunauliza mapema kiwanja kinaandikwa kwa nani na wadhamini ni kina nani, kwa sababu aliyechanga leo akifa kesho watoto wake hawana pa kusimamia. Hao vibarua walichanga, je hati ilikuwa na jina la nani?

Mwalimu_Mstaafu_Korogwe

Wa alaykum salaam Abuu. Umegusa kidonda chenyewe.

Kwa utaratibu wa Kanisa Marekani wakati ule mali ya parokia ilikuwa inaandikwa chini ya askofu. Na maaskofu wengi walikuwa Wairishi au Wajerumani. Mpolandi anachanga, anajenga, halafu hesabu haoni na paroko anapangiwa. Wengi walikubali kwa sababu ndiyo sheria ya Kanisa, lakini si wote.

Pale pale Chicago, hatua chache kutoka Mt. Stanislaus, kundi jingine lilijenga Utatu Mtakatifu miaka ya mwanzo ya 1870 likataka kujisimamia lenyewe. Ugomvi wake na padri Barzyński na askofu ulikwenda karibu miaka 20, kanisa linafungwa linafunguliwa linafungwa tena, majirani wa lugha moja hawasalimiani. Ilibidi mjumbe wa Papa, Francesco Satolli, aje mwenyewe 1893, parokia wakapewa mapadri wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, na Casimir Sztuczko akawa paroko pale mpaka 1949. Unaona, walichokuwa wanakitaka hasa ni mtu wa kukaa nao.

Scranton, Pennsylvania, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, haikuisha vizuri. Wachimbaji walijenga kanisa, wakaomba wawe na sauti kwenye usimamizi, askofu akakataa, wakajenga jingine na 1897 wakamwita padri Franciszek Hodur. Mwaka uliofuata Hodur akatengwa na Kanisa, na ndiyo chanzo cha Kanisa Katoliki la Kitaifa la Poland ambalo lipo mpaka leo nje ya Roma. Noeli ya 1900 wakasali misa kwa Kipolandi, miaka zaidi ya 60 kabla ya sisi kuruhusiwa kusali misa kwa Kiswahili. Mimi ni Mkatoliki na nabaki na Roma, ila huwa nahuzunika kila nikiisoma habari hiyo, nadhani daftari la hesabu likisomwa mbele ya watu mapema wale wachimbaji wasingeondoka.

Mama_wa_Pongwe

Wanangu nimewasoma nikaona niseme kidogo. Mnazungumza Wapolandi wa mbali mnasahau waliopita hapa bandarini kwetu. Wakati wa vita vya pili Warusi waliwakamata Wapolandi 1940 wakawapeleka Siberia, halafu 1942 waliofanikiwa kutoka wakapitia Uajemi, wanaume wakaingia jeshini, wanawake na watoto wakaletwa Afrika kwa meli. Meli zilishusha Mombasa na nyingine hapa Tanga. Wengi wakapelekwa Tengeru kule Arusha, watu kama 5,000, na walivyofika tu wakataka kanisa na shule.

Nilifika Tengeru nilipokwenda kumsalimia mwanangu, nikaingia makaburini. Yapo karibu 150, yametunzwa, majina yote yameandikwa, mengine ya watoto. Nilisimama pale nikalia, nikamkumbuka marehemu mama alivyokuwa akisema kuna manamba walizikwa kambini bila hata kijiti. Uganda nako, Nyabyeya karibu na Masindi, walijenga kanisa na bado watu wanasali humo, wazungu wenyewe walishaondoka zamani.

Katibu mwanangu majina, majina, majina. Msisubiri.

Dada_Raskazone

Mimi naongeza dogo, msiwasahau masista. Wafelisi walitoka Poland wakafika Wisconsin 1874, wakaanza kufundisha watoto kwenye shule za parokia, wanawake ndio walioshikilia lugha darasani. Katibu na nyie lazima kuna mama aliyefundisha watoto komunyo ya kwanza miaka yote hiyo. Mtafute.

Katibu_wa_Kigango

Jamani nimesoma yote mara mbili, daftari limejaa. Abuu leo nimekwenda kuuliza habari ya hati kwa mwenyekiti, nitakuambia tukiipata. Mama wa Pongwe shikamoo, maneno yako nimeyasoma kwa sauti nyumbani na mke wangu akanyamaza kabisa.

Kaka nimempigia tena, anasema siku hizi pale misa ni kwa Kiingereza, Kipolandi na Kihispania, Wameksiko ni wengi kuliko Wapolandi. Anasema pia barabara kubwa ya magari imepita nyuma ya kanisa karibu kuligusa, ni kweli ilitaka kulibomoa?

Mwalimu_Mstaafu_Korogwe

Ni kweli. Miaka ya 1950 ramani ya barabara ya Kennedy ilikuwa inapita juu ya kanisa, waumini na wanasiasa wenye asili ya Poland wakasimama, barabara ikapindishwa. Ukiangalia ramani ya setilaiti utaiona kona yenyewe.

Katibu_wa_Kigango

Nimeiona. Aisee.

Basi nimeamua hivi. Orodha ya mapadri itakaa mwishoni, mwanzo nitaweka mwembe na chama cha kuzikana. Nimeambiwa kuna bibi kule karibu na korona ya zamani, ile mashine ya kuchakata mkonge, alikuwa anawapikia uji waliochimba msingi, ana miaka zaidi ya 80 lakini bado anakumbuka, na mzee mmoja ana vijistakabadhi vya michango amevihifadhi kwenye kopo la maziwa. Jumapili baada ya misa ya kwanza naanza na bibi.

Mama_wa_Pongwe

Marahaba mwanangu. Mpelekee sukari. Na umuulize maji ya zege walichota wapi na nani aliyachota, hao huwa hawatajwi.

Fundi_Makorora

Na fundi mkuu alikuwa nani. Kama hana jina lake kamili niandikie hata la utani, mafundi wa zamani wa Tanga nawajua wengi nitakusaidia kumtafuta.