Kihamba cha mama Kibosho: tuingie kilimo hai cha kahawa au tuendelee kupuliza?

Mwana_wa_Kibosho

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kahawa, hasa mlioko Kilimanjaro, Kagera na Mbinga.

Mama yangu ana kihamba cha kama ekari moja na nusu. Kuna mibuni ya tangu enzi za babu, migomba, maharage chini yake, na miringaringa kwa ajili ya kivuli. Mimi nipo Dar, mdogo wangu ndiye anayeshinda na mama shambani. Juzi chama chetu cha msingi kiliita wanachama kikawaambia yupo mnunuzi anayetaka kahawa ya kilimo hai, anayetaka ajiandikishe. Mama amefurahi sana, anasema mbolea ya dukani yenyewe hajanunua siku nyingi, kwa hiyo hana cha kupoteza. Mdogo wangu hataki kusikia. Anasema tukiacha kupuliza, chulebuni, ule ugonjwa wa ukungu, itakula buni zote zikiwa changa, na mvua za masika kwetu mnazijua.

Naomba kufahamu mambo matatu. Bila dawa inawezekana kweli? Hiyo bei nzuri inamfikia mkulima au inaishia njiani? Na je, ni kweli kahawa hiyo ni bora kwa afya ya mnywaji kama watu wanavyosema huku mjini? Natanguliza shukrani.

Kahawa_Chungu

Mama ndiye anayelijua shamba. Msikilizeni.

BwanaShamba_Mstaafu

Kijana wangu, mdogo wako naye asikilizwe, maana hoja yake ni ya kweli. Kama mibuni ya babu ni N39 au KP423, chulebuni na kutu ya majani vinaipenda sana. Ukiacha kupuliza bila kubadilisha kitu kingine chochote, utavuna majani.

Lakini watu wengi wanadhani kilimo hai ni kuacha tu. Shamba lisilopulizwa, lisilopogolewa wala kuwekewa samadi limetelekezwa, na mkaguzi akifika ataliona hivyo hivyo. Kazi inaongezeka, haipungui.

Anzeni na kupogoa. Ondoeni maotea, matawi yaliyokufa na yanayopishana katikati, mwanga na hewa vipite. Kivuli nacho kipunguzwe kabla ya masika, kwa sababu unyevu unaokaa muda mrefu juu ya buni changa ndio unaoipa chulebuni nafasi. Kwa ruhuka, yule mdudu anayetoboa buni, dawa kubwa ni mikono: baada ya msimu msiache buni hata moja iliyokauka juu ya mti au iliyoanguka chini, kwa sababu mdudu anajificha humo akisubiri buni za msimu ujao.

Tena si kila dawa imekatazwa. Kinachokatazwa ni mbolea za chumvichumvi, dawa za magugu na sumu za wadudu na ukungu za viwandani. Dawa za kopa, yaani madini ya shaba, dhidi ya chulebuni zinaruhusiwa kwa kipimo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaweka ukomo wa kilo 28 za kopa kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mwambie mdogo wako bomba halijafungiwa stoo moja kwa moja, ila kila anachoweka ndani yake kiwe kimekubaliwa na kikundi na kuandikwa kwenye daftari.

Ufumbuzi wa kudumu ni miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu. Pale si mbali na kwenu, nendeni mkaulize.

Halafu udongo. Kahawa ikimenywa, yale maganda mekundu watu huyamwaga kando ya mto, yanaoza na kuharibu maji. Yana potasiamu nyingi ambayo mbuni umeitoa ardhini. Yachanganyeni na samadi na majani ya migomba, mgeuzegeuze mpaka yawe meusi na yasiwe na harufu, kisha rudisheni kwenye mashina. Na matandazo yasikosekane, hasa kuanzia Juni mvua zikiisha.

Omwana_wa_Bukoba

Nijibu la pesa, maana huku Kagera tumelianza mapema. Chama chetu kikuu cha ushirika, KCU, kimeuza kahawa ya kilimo hai kwa miaka mingi, kwa hiyo soko lipo.

Kwenye Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki kwa wakulima, tangu Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili (karibu nusu kilo), na ikiwa ya kilimo hai inaongezwa senti 40 za dola. Ukipiga hesabu, nyongeza hiyo ni kama senti 88 kwa kilo ya kahawa iliyokobolewa, ikiwa tayari kusafirishwa nje. Humo watoe kukoboa, usafiri, ukaguzi na gharama za chama. Kwa hiyo mkulima haipati yote, na anayekuahidi kwamba utaipata yote usimwamini.

Angalieni pia hali ya soko. Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili kule New York. Kipindi kama hicho kila mtu anauza vizuri, na nyongeza ya kilimo hai inaonekana ndogo. Bei zikishuka ndipo aliyejiunga anashukuru.

Na kuna kipindi cha mpito. Kwa zao la kudumu kama kahawa, soko la Ulaya linataka angalau miaka 3 ya kilimo hai chini ya ukaguzi kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kama ya kilimo hai. Hapo katikati mnafanya kazi zote za kilimo hai huku mkiuza kwa bei ya kawaida. Wengi wanakata tamaa mwaka wa pili. Mama yenu anaweza kuwa na nafuu hapo kwa kuwa mbolea hatumii, lakini kama mdogo wako amepuliza sumu ya wadudu msimu uliopita, nafuu hiyo msiitegemee. Semeni ukweli siku ya kujiandikisha.

MamaRombo

Mdogo wangu, mimi nakuambia la magunia, kwa sababu wataalamu hawalisemi mpaka yaharibike.

Kwenye kikundi chetu sampuli ilipimwa ikakutwa na mabaki ya sumu. Wote tulishangaa, hakuna aliyepuliza. Kufuatilia nyumba kwa nyumba, ikaonekana mwanachama mmoja aliweka kahawa chumba kimoja na mahindi aliyoyapaka dawa ya ghala. Unga ule mweupe ulikuwa umeshika hadi kwenye mishono ya magunia ya kahawa. Shehena nzima ikauzwa kama kahawa ya kawaida, ya kwake na ya wenzake. Iliniuma sana, kwa sababu kina mama wa kikundi walikuwa wamebeba samadi vichwani msimu mzima.

Kwa hiyo mama awe na magunia mapya, yasiwe yaliyowahi kubeba mbolea, na chumba cha kahawa kiwe peke yake. Bomba la kupulizia msiazime wala kuazimisha. Maharage na mboga zilizo chini ya mibuni nazo zinahesabika, huwezi kupulizia maharage ukasema kahawa hukuigusa. Jirani akilima nyanya anapuliza kila wiki, kwa hiyo masale, ile mimea ya mpakani, hayatoshi, acheni mstari wa kinga na buni zake mziuze kando. Na samadi ya kuku wa kisasa wa mabandani msinunue kabla ya kuuliza, kwa sababu samadi ya mifugo inayofugwa kiwandani haikubaliki Ulaya. Ya ng'ombe wenu wa ndani inatosha.

Mkaangaji_Arusha

Swali la afya. Mimi nakaanga na kuuza kahawa, ya kilimo hai na ya kawaida, na wateja huwaambia hivi hivi: kafeini ni ile ile, na moto wa kukaanga unapunguza sehemu kubwa ya mabaki ya dawa kama yapo. Sitakuambia kwamba inatibu chochote.

Anayefaidika zaidi kiafya ni mdogo wako anayebeba bomba mgongoni bila glovu wala barakoa, na kila anayechota maji kwenye mfereji unaopita chini ya kihamba. Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa kuliko bei.

Utamu nao hautoki kwenye cheti. Unatoka kwenye kuchuma buni nyekundu tupu, kumenya siku hiyo hiyo, na kuanika kwenye vichanja hadi unyevu ufike asilimia 11 au 12. Kahawa ya kilimo hai iliyoanikwa chini kwenye vumbi ni kahawa mbaya.

Mwana_wa_Kibosho

Nawashukuru sana wakuu, nimewasomea mama na mdogo wangu majibu yenu kwa simu. Mdogo wangu amelegea aliposikia kopa inaruhusiwa. Ila anauliza, tuking'oa mibuni ya babu kuweka chotara, mama atakula nini miaka hiyo ya kusubiri?

BwanaShamba_Mstaafu

Msing'oe yote. Anzeni na mistari iliyochoka kabisa, kila msimu kipande. Miche ikitunzwa vizuri, mavuno ya kwanza yanakuja baada ya miaka miwili hadi mitatu, na migomba ipo inalisha nyumba. Ulizeni pia kikundi kinataka miche itoke wapi, isije ikawa imekuzwa kwa dawa zilizokatazwa.

Omwana_wa_Bukoba

Naongeza moja kabla mama hajatia sahihi. Aulize kikaoni cheti kitakuwa mali ya nani. Kikiwa cha mnunuzi, siku akiondoka au akishusha bei hamna pa kuipeleka kahawa yenu kama ya kilimo hai. Kanuni mpya za Ulaya zinataka kikundi chenyewe kisajiliwe kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na kiwe na wakaguzi wake wa ndani. Jibu la mwenyekiti liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mama apewe nakala.