Eti "hata kibiriti hujui kuwasha"! MIMI?!

BintiMkomani
Watu wa Lamu, yule bwana wa duka la kona kule Langoni, mnamjua, msijifanye. Leo kanivunjia heshima mbele za watu. Nimenunua kibiriti kwake alfajiri niwashe seredani nikaange mahamri. Njiti nikiigusa tu, kichwa kinamomonyoka. Ubavu wa kasha umelowa chepechepe, ukisugua, ule wekundu unachunika unakuganda kidoleni. Kasha zima limekwisha, unga umeumuka mpaka unataka kutembea!

Namrudishia, duka limejaa, ananiambia: "Dada, hata kibiriti hujui kuwasha?" Mimi! Niliyekaangia nusu ya harusi za mji huu! Kisha bwana mkubwa akachukua njiti, akaikwaruza ukutani. Wapi! Akavua kandambili, akasugua kwenye soli. Wapi! Na bado asiyejua ni mimi. Vibiriti vyenyewe kavipanga juu ya ndoo ya barafu ya samaki. "Hata kibiriti hujui kuwasha." Mbele za watu!

KusiKali
Pole dada. Mahamri yalitoka lakini?

Mshumaa_wa_Shela
Huyo angesugua ukuta mpaka Idi. Hivyo ni vibiriti vya usalama: fosforasi nyekundu iko ubavuni mwa kasha, klorati ya potasiamu iko kwenye kichwa cha njiti. Visipokutana hakuna moto. Ndivyo tangu yule Mswidi, Gustaf Erik Pasch, apate hataza mwaka 1844. Kandambili haina fosforasi.

KusiKali
Mwalimu, mtu ana njaa, wewe wafungua darasa.

PundaMzembe
Kasha zima na moto hukupata? Mumeo anafuturu nini, tende na maji?

BintiMkomani
Nyamaza, hukuwepo. MBELE ZA WATU!

MamaViazi
Afadhali wako umelowa. Mimi nauziwa kasha, nusu ya njiti hazina vichwa.

Nahodha_Mstaafu
Na mkaa je? Juu ya gunia makaa, chini vumbi tupu.

MamaViazi
Duka hilo hilo chenji ni peremende. Nina peremende za kufungulia duka langu.

PundaMzembe
Peremende unakula. Mimi jana boti ya Mokowe nimelipishwa nauli ya kuku. Kuku mwenyewe nimempakata!

Nahodha_Mstaafu
Alikuwa mzima au kachinjwa?

PundaMzembe
Mzima. Kwani kachinjwa halipi?