Wajukuu wa Bibi wapo Uswisi

Kikundi: Ukoo Wetu ❤️

JUMANNE

07:12 Bibi: Habari za asubuhi wanangu. Baba Neema mmeamkaje huko? Picha za jana nimeziona ila Baraka simwoni na soksi.

07:20 Mama Neema: Shikamoo mama. Tumeamka salama. Soksi alikuwa nazo, alizivua ndani ya treni. Mle kuna joto la kutosha, hata Neema alibaki na fulana tu.

07:22 Bibi: Marahaba mwanangu. Mkishuka mvisheni.

07:34 Baba Neema: Shikamoo mama. Tuko stesheni ya Luzern na Baraka hataki kuondoka kwenye saa. [Picha]

07:35 Juma: Saa gani tena kaka?

07:41 Baba Neema: Saa ya stesheni. Nchi nzima wanatumia ya aina moja: uso mweupe, mishale myeusi, halafu mshale mwekundu wa sekunde wenye duara mwishoni, umefanana na kile kibao anachoinua mtu wa stesheni kuruhusu treni iondoke. Aliyeichora ni mhandisi Hans Hilfiker, mwaka 1944, na huo mwekundu ukaja 1953. Sasa ule mshale unamaliza mzunguko kabla dakika haijatimia, kama sekunde 58 na ushee. Ukifika juu unasimama kusubiri ishara ya umeme kutoka saa kuu. Ishara ikija, mshale wa dakika unaruka na mwekundu unaanza upya. Baraka kashalijua hilo. Ukisimama anabana pumzi, ukianza anapiga kelele "twendeee!"

07:43 Bibi: Mtoto wa miaka mitatu huyo! 😍

07:58 Rehema: Shikamoo mama. Kaka, habari za safari. Nilikuwa nataka nikuulize kabla sijalipia chochote. Sisi tunakuja mwezi ujao. Baba watoto ameona ile treni ya watalii, Glacier Express, kutoka Zermatt mpaka St. Moritz, na kesho yake anataka tupande stesheni ya mlimani ya Jungfraujoch. Unaonaje? Mkubwa ana miaka mitano, mdogo mwaka na nusu.

08:00 Bibi: Marahaba Rehema.

08:15 Baba Neema: Rehema, Glacier Express naipenda sana, nisikufiche. Kilomita 291, madaraja 291, mahandaki 91, na pale kwenye pito la mlima la Oberalp inavuka mita 2,033 juu ya usawa wa bahari. Mkiwa wawili tu wewe na shemeji, ningekwambia lipia leo. Lakini ni safari ya saa 8 kwenye kiti chenye namba yako, na madirisha yake makubwa hayafunguki. Mdogo wako wa mwaka na nusu atavumilia saa ngapi?

08:16 Rehema: Mbili. Akilala, tatu.

08:24 Baba Neema: Basi. Na reli ni hiyo hiyo moja! Treni za kawaida zinapita juu ya madaraja hayo hayo, ndani ya mahandaki hayo hayo, na hazihitaji kuwekewa nafasi. Ratiba ya Uswisi tangu 1982 imepangwa kwa mzunguko: kama treni yako inaondoka dakika ya 5, basi kila saa kuna nyingine dakika ya 5, na njia kubwa ni kila nusu saa. Mtoto akilia unashuka stesheni inayofuata. Anakimbia, anakula, anabadilishwa nepi, mnapanda ijayo. Kwa mwenye watoto wadogo sijaona kitu kizuri kuliko hicho katika nchi hii, hata milima inafuata nyuma.

08:27 Mama Neema: Hapo nakubaliana naye. Jana Baraka aligoma katikati ya njia, tukashuka kituo ambacho hatukukipanga kabisa. Palikuwa na bomba la maji na nyasi. Alicheza mpaka akaomba treni mwenyewe.

08:40 Juma: Mimi niulize jamani bila ubaya. Likizo yote ni treni? Hao watoto si wapelekwe wakaone wanyama, wakaogelee? Treni anapenda baba yao.

08:52 Baba Neema: Swali zuri Juma, na wanaogelea, ziwa liko mbele ya stesheni. Ila usidhani watoto wanafuata tu. Ngoja Neema akwambie mwenyewe ya jana.

08:54 [Ujumbe wa sauti, Neema]: Shikamoo Baba Mdogo! Jana tumeona kanisa jeupe liko juuuu mlimani. Tukaingia kwenye giza. Tukatoka, kanisa liko hapa, sawa na sisi. Tukaingia tena giza, tukatoka, kanisa liko chini! Lile lile! Mimi ndiye niliyeliona wa kwanza, siyo baba.

08:56 Bibi: Kanisa linahama? 😳

09:10 Baba Neema: Halihami mama 😄 Ni kanisa la kijiji kinaitwa Wassen, kwenye reli ya zamani ya Gotthard, iliyofunguliwa 1882. Treni nzito haiwezi kupanda mlima mkali moja kwa moja, magurudumu ya chuma yatateleza juu ya chuma. Kwa hiyo wahandisi walichimba mahandaki ya mviringo ndani ya mwamba. Treni inaingia, inazunguka gizani huku inapanda kidogo kidogo, inatokea juu ya pale ilipoingilia. Ndiyo maana kanisa unaliona kutoka chini, halafu usawa wake, halafu kutoka juu. Nilimwambia Neema jambo moja tu, "angalia kanisa." Mengine kayagundua peke yake, na usiku alinichorea reli iliyojikunja kwenye karatasi ya mkate. Juma, mtoto wa miaka sita ameelewa mlima unavyopandwa. Hiyo picha nitaiwekea fremu.

09:12 Juma: Hapo nimenyamaza kaka 🙌

09:15 Bibi: Mimi nasikia kuna handaki la treni refu kuliko yote duniani huko. Mmelipita?

09:19 Baba Neema: Ndilo hilo la Gotthard jipya mama, kilomita 57, lilifunguliwa 2016, liko chini kabisa ya mlima huo huo. Ni kazi kubwa ya binadamu, sehemu nyingine kuna zaidi ya kilomita 2 za mwamba juu ya kichwa chako. Lakini abiria anaona giza kama dakika 20 basi. Anayewahi mkutano apite chini. Mwenye watoto apite juu. Rehema, kwenye ratiba angalia treni inayosimama Göschenen na Airolo, ndiyo inayopita njia ya zamani.

09:21 Rehema: Naandika. Tiketi je?

09:33 Mama Neema: Hiyo nijibu mimi. Chukueni Swiss Travel Pass nyie wakubwa wawili. Inahusu treni, mabasi, meli za ziwani na tramu za mjini. Wanao wote wako chini ya miaka sita, hawalipi. Neema amefika sita, kwa hiyo tulimwombea Family Card, haina malipo, mtoto wa 6 hadi 15 anasafiri bure akiwa na mzazi. Muhimu mno, iombe wakati uleule unaponunua pasi.

09:35 Mama Neema: Na kwenye treni za ghorofa za masafa marefu tafuta behewa la familia. Baadhi yake juu kuna uwanja wa michezo kabisa, na kiteleza cha watoto! Treni inakimbia na watoto wanateleza. Kigari cha mtoto kinabaki chini karibu na mlango.

09:36 Rehema: Weeee! Ndani ya treni??

09:37 Mama Neema: Ndani ya treni dada. Hapo mimi nilikunywa chai yangu ikiwa bado ya moto.

09:50 Rehema: Sasa Jungfraujoch. Baba watoto ameshaisema ofisini kote.

10:08 Baba Neema: Namwelewa shemeji. Stesheni ya juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454, imefunguliwa 1912, na sehemu kubwa ya mwisho ni handaki lililochimbwa ndani ya milima ya Eiger na Mönch. Ila pale juu hewa ni nyembamba, na mtoto asiyejua kusema "kichwa kinauma" atakwambiaje? Mimi wangu sijawapandisha. Pia ile pasi inakupa punguzo tu, hailipi safari yote mpaka juu.

Badala yake nendeni Rigi. Pasi inalipa yote. Luzern mnapanda meli kama saa moja mpaka Vitznau, na ukibahatika ni ile ya mvuke yenye magurudumu ya makasia pembeni, mashine yake iko wazi katikati ya meli, watoto wanaegemea vyuma kutazama. Mkishuka, treni iko hapo hapo gatini. Ndiyo reli ya kwanza ya mlimani Ulaya kutumia meno, ya mwaka 1871, ya mhandisi Niklaus Riggenbach. Katikati ya reli mbili kuna ya tatu yenye meno kama ngazi iliyolazwa, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linalong'ata. Muinamishe mkubwa wako aone kabla hamjapanda. Juu mko karibu mita 1,800, mnapumua kawaida, kuna nyasi na ng'ombe wenye kengele.

10:10 Bibi: Hayo ya ng'ombe nimeyapenda. Rehema nenda huko.

10:12 Rehema: Sawa mama 🙏

10:30 Juma: Na mvua ikinyesha?

10:38 Baba Neema: Verkehrshaus, hapo hapo Luzern, makumbusho ya usafiri. Kuna kichwa cha treni cha mvuke cha Rigi namba 7, cha 1873, tangi lake la mvuke limesimamishwa wima. Likiwa mlimani maji yasingekaa sawa kwenye tangi la kulala. Nilisimama mbele yake nikakosa la kusema. Vitu vya kupanda na kugusa viko vingi, siku nzima inaisha.

13:05 Rehema: Baba watoto amesoma yote. Anasema Rigi sawa, lakini zile treni nyekundu za milimani hawezi kuzikosa. Amekubali kuiacha Glacier Express kama utampa kitu cha kuziba pengo.

13:06 Baba Neema: Mwambie ninacho!!

13:29 Baba Neema: Kaeni mji wa Chur, si St. Moritz. Chur ndipo reli pana inapokutana na ile nyembamba ya mita moja ya kampuni ya Rhätische Bahn, wenye hizo treni nyekundu. Wembamba ndio siri yao, unairuhusu treni ikate kona kali, kwenye njia yao ya mlimani ya Bernina kuna kona zenye nusu kipenyo cha mita 45. Siku ya kwanza chukueni treni ya Arosa. Inaanzia nje ya stesheni na kupita barabarani katikati ya magari! Kama saa moja mmefika, kuna ziwa, mnarudi mkitaka.

Siku ya pili nendeni vijiji vya Filisur na Bergün. Kabla tu ya Filisur kuna daraja la Landwasser, limekamilika 1902, urefu wa kwenda juu mita 65, nguzo za mawe, limepinda, na mwisho wake linaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa mwamba. Kaeni mabehewa ya nyuma ili mwone kichwa cha treni yenu wenyewe kikiingia mlimani. Njia hii ndiyo ile ambayo Oktoba 2022 waliunganisha treni moja ya abiria yenye mabehewa 100, karibu kilomita 2, rekodi ya dunia. Bergün kuna makumbusho madogo ya reli, na nje yake kichwa cha umeme cha zamani wanachokiita Mamba kwa ajili ya pua zake ndefu mbele na nyuma. Baraka alikipapasa pua akakiaga kwa jina.

Siku ya tatu ndiyo Bernina. Siyo Bernina Express ya watalii, treni ya kawaida. Mwambie shemeji sababu moja tu: nyingi zina mabehewa ambayo dirisha linashuka. Unasikia magurudumu yakilia kwenye kona, unapata baridi ya barafu usoni, na picha yako haina mng'ao wa kioo. Inapanda mpaka mita 2,253 pale stesheni ya Ospizio Bernina bila meno hata moja, mwinuko wa mita 7 kwa kila mita 100, magurudumu matupu juu ya chuma. Shukeni stesheni ya Alp Grüm, mto wa barafu wa Palü uko mbele yenu.

13:31 Juma: Kaka umeandika kitabu 👏

13:34 Mama Neema: Rehema, mkubwa mmoja akae na mtoto mikononi muda wote dirisha likiwa wazi. Hatoi mkono wala kofia nje, mahandaki yanakuja ghafla. Sisi kwetu hiyo ni sheria.

13:35 Baba Neema: Kweli kabisa, na mimi nasisitiza hilo.

13:41 Rehema: Tukiendelea mbele ya Alp Grüm?

13:49 Baba Neema: Mtateremka mpaka Brusio, kule reli inajizungusha duara kamili juu ya daraja la mawe nje mchana kweupe, halafu Tirano, mita 429 tu, mmeingia Italia. Pasi ya Uswisi inafika mpaka hapo. Bebeni pasipoti za wote pamoja na za watoto, na euro kidogo za chakula. Ila kwa huyo wa mwaka na nusu, kwenda na kurudi Chur kwa siku moja ni kumwonea. Laleni Pontresina au Poschiavo.

13:52 Bibi: Poschiavo ndiyo wapi? Kuna baridi?

13:54 Baba Neema: Ni bondeni mama, upande wa jua. Watu wake wanaongea Kiitaliano. Baridi ya kawaida.

19:20 Rehema: Haya tumekaa kikao. Glacier Express tumeiacha, Jungfraujoch tumeiacha. Luzern kwanza, halafu Chur, halafu tunalala Poschiavo. Baba watoto anauliza, kwenda Bernina tukae upande gani?

19:26 Baba Neema: Ukitoka Chur kwenda Tirano, kulia. Landwasser kulia, ziwa la Lago Bianco kulia, barafu ya Palü kulia. Brusio pia mnaliona vizuri mkiwa kulia. Na hoteli ya Chur iwe karibu na stesheni, mtanishukuru mkiwa mnasukuma kigari.

19:27 Rehema: Nalipia sasa hivi.

19:30 Bibi: Soksi nyingi Rehema. Na za sufu.