Tupeane uzoefu: ulimwonaje mwanasayansi ulipokuwa shule?

Wadau, nafundisha sayansi. Kila nikipokea darasa jipya, kabla sijafundisha chochote nawaambia wachore mwanasayansi akiwa kazini. Anakuja yuleyule: mwanaume wa makamo, miwani, koti jeupe, nywele timutimu, chupa inafuka moshi. Na yuko peke yake.

Zoezi hili si langu. Mtafiti David Wade Chambers alichapisha matokeo yake mwaka 1983: michoro 4,807 ya watoto, yenye mwanasayansi mwanamke 28 tu, na yote 28 ilichorwa na wasichana. Uchambuzi wa tafiti 78 za Marekani uliotoka 2018 ulionyesha kuwa tangu miaka ya 1980 wanawake wamefika wastani wa asilimia 28 ya michoro. Ila watoto wakikua, wanazidi kuchora wanaume. Hilo linaniuma, kwani ndio umri wa kuchagua masomo. Nini kiliwabadilisha nyinyi, au wanafunzi wenu?

Mhandisi wa maji: Mwalimu, asante kwa mada. Mimi ni mwanamke, na nilipoalikwa shuleni nilidhani kuonekana tu kunatosha. Wapi! Walikaa kimya hadi binti mmoja aliponiuliza, "Ukikosea hesabu inakuwaje?" Nikampa daftari langu la vipimo: kipenyo cha bomba kimekatwa, kimeandikwa upya, pembeni mwenzangu ameweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Likazunguka darasa zima, maswali yakamiminika. Walikuwa wanaamini mtaalamu hupata jibu papo hapo, tena bila msaada wa mtu.

Mwanafunzi wa biolojia, chuo: Hiyo ya upweke ndiyo iliyonitisha, napenda watu. Kumbe maabara ni kubishana juu ya grafu kutwa nzima.

Mwalimu wa hisabati: Naomba nitofautiane kidogo. Mgeni wa saa moja akiondoka, picha ya zamani inarudi. Bora aje mara kadhaa, afanye kazi nao. Na tafadhali msimtambulishe kama kipanga aliyeongoza kila mtihani! Mwenye alama za kati anajitoa hapohapo.

Fundi sanifu wa maabara: Sisi tunaorekebisha mizani na hadubini hakuna anayetuchora kabisa. Wanafunzi wanaopenda kutengeneza vitu hawajui kama kazi hii ipo.

Mwalimu (mleta mada): Fundi, hilo sikuwa nimelifikiria. Mhandisi, nawe daftari lako nalichukua kama lilivyo. Wengine endeleeni, hasa mliowahi kurudia zoezi la kuchora mwisho wa mwaka.